Vigae vya poseleni vya kung'aa, sentimita 60×60: sebuleni sawa, bafuni hapana

Ninavyo sebuleni na koridoni, na kwa sakafu inayokanyagwa kutwa nzima naviona vimelipa bei yake. Adui yao mkubwa ni mchanga unaoingia na viatu, maana ndio unaokwaruza ule mng'ao. Weka zulia la kufutia miguu mlangoni.

Dukani usitazame uso peke yake, kwa sababu kauri ya kawaida na poseleni hufanana. Geuza kigae, dondoshea maji mgongoni. Kauri ya kawaida huyafyonza na kuacha doa. Poseleni halisi hainywi zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, kwa hiyo tone hubaki limekaa pale pale. Kisha kabilisha viwili uso kwa uso. Vikiyumba au ukiona mwanga katikati, vimepinda, na hakuna fundi wa kuvinyoosha. Namba ya rangi na ya kipimo ubavuni mwa boksi zilingane kwenye maboksi yote, hata muuzaji akikuapia kwamba "ni zile zile tu".

Boksi la vigae vinne ni mita za mraba 1.44. Sebule ya mita 4 kwa 5 ni 20. Ongeza asilimia 10 ya kukata na akiba, unapata 22, yaani maboksi 16.

Pesa nyingi hupotelea kwenye ufundi. Mafundi wengi huweka madonge matano ya saruji na mchanga, wanagonga kwa nyundo ya mpira, wanasonga mbele. Kauri ya kawaida hunywa majimaji ya saruji ikashika. Poseleni hainywi, hivyo saruji tupu haina pa kung'ang'ania. Baadaye kigae huachia, na ukikigonga kinalia mvungu. Nunua gundi ya vigae yenye polima: kwa mwiko wa meno ya milimita 10, mfuko wa kilo 20 hufika mita za mraba 4 hivi. Futa kwanza vumbi jeupe la mgongoni kwa sponji yenye maji, paka gundi sakafuni kwa mistari ya upande mmoja, halafu safu nyembamba mgongoni. Mwambie fundi ainue kigae kimoja mara moja moja mkague. Pasiposhika gundi pana uwazi chini, na hapo ndipo sufuria ikianguka panapasuka.

Acha milimita 3 kati ya vigae na 6 hivi kuzunguka kuta. Hizo za ukutani usizijaze saruji, skatingi itaficha. Vikibanana, joto huvinyanyua katikati ya chumba. Grauti, ile ya kujaza nafasi kati ya vigae, ijazwe baada ya saa 24.

Kupiga deki, kifuniko kimoja cha sabuni ya maji kwa ndoo ya lita 10 kinatosha. Sabuni nyingi huacha utando unaofubaza na kuonyesha kila unyayo. Asidi ya chooni hula grauti, iache huko huko chooni.

Bafuni vikilowa vinateleza vibaya. Sakafu ya huko chagua vya R10 au R11 (alama ya kiwango cha kutoteleza), vidogo vya 30×30 ili vifuate mteremko wa maji kwenda kwenye tundu. Ukutani kauri ya kawaida yatosha: bei nafuu, na kutoboa tundu la bomba hakusumbui.