Miezi tisa ndani ya Second Life: nimepanga kiwanja, nimeanika karafuu, nimehamishwa

Swali nililokuwa nalikwepa aliliuliza mama. Alisimama nyuma yangu na miwani yake, akatazama kioo cha laptopu. Barazani kwangu, kwenye nyumba yangu ya mtandaoni, alikuwa amekaa mbweha, kavaa koti la buluu, anachezesha vidole hewani kama anayepiga kinanda.

"Huyu mwenye mkia ni mtu au jini?"

Nikamwambia ni mtu, tena mtu mzima wa miaka 71, yuko Ureno na alikuwa dereva wa basi. Mama akasema, "Basi mwamkie," akaenda zake kulala.

Mimi ni fundi cherehani hapa Wete, Pemba. Second Life nilionyeshwa na mtoto wa kaka yangu, ambaye mwenyewe aliichoka baada ya wiki moja kwa sababu hakuona wa kumpiga. Na kweli hakuna. Ni dunia ya mtandaoni iliyofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, na ndani yake hakuna alama za kuhesabu, hakuna adui, hakuna mwisho. Unaingia bure, unapewa mwili, unaachwa umesimama. Nyumba, miti, viatu, mpaka mwendo wa kutembea, karibu vyote vimetengenezwa na wakaazi wenyewe, na wengi wao wanauza.

Pesa ya humo inaitwa dola ya Linden. Kwa dola moja ya Marekani unapata kama 250 hivi, kwa hiyo mimi huhesabu kila moja kuwa shilingi kumi na mambo yanakwenda. Nguo za bure zipo tele ila nyingi hazifai hata kufungulia mlango. Hijabu nilizipata za kununua. Kanga sikuziona, nikatengeneza mwenyewe: nilipiga picha kanga yangu ya "Wema hauozi", nikaipandisha kwa dola 10 za humo, nikamvalisha yule mwanamke ambaye ndiye mwili wangu wa humo. Pindo likakaa vizuri, lakini jina likapasuka katikati, "Wema" kiunoni na "hauozi" chini ya kwapa. Siku tatu nilishona na kufumua pale zaidi kuliko nilivyowahi kufumua kwenye cherehani. Nimeshauza kumi na moja. Usicheke, bando la mwezi mmoja nimelilipa kwa kanga zisizovalika.

Vile vidole vya hewani ndiyo alama kwamba mtu anaandika. Mwili wake unachapa hewa, unasikia na sauti ya vibonye, nawe unajua jibu linakuja. Na maneno yana umbali wake: ukisema kwa kawaida unasikika mita 20, ukinong'ona mita 10, ukipiga kelele mita 100. Hicho ndicho kitu kilichonifanya nibaki. Kwenye makundi ya simu kila mtu anamfikia kila mtu, lakini hapa ili umsikie mwenzako lazima umsogelee, na anayepita njia anaweza kulidaka neno moja akaja kukaa. Ni baraza kabisa, pamoja na wale wanaojifanya wanatazama bahari kumbe masikio yako kwenu.

Kinachosumbua ni heshima. Miili yote ni ya vijana wa miaka ishirini na kitu, warefu, viuno vyembamba, labda awe mbweha. Sasa nani nimwamkie na nani aniamkie? Mwezi wa kwanza niliongea na watu kama naongea na wadogo zangu, baadaye nikagundua mmoja ana wajukuu wanne. Niliona aibu mbele ya laptopu peke yangu chumbani. Siku hizi naanza na salamu ya watu wazima kwa wote. Mbweha wangu nilimfundisha shikamoo, na yeye anaijibu "marahaba" kabla sijamaliza kuandika.

Hodi je? Haipo. Mtu anajirusha kutoka ng'ambo ya dunia anatua sebuleni kwako. Unaweza kuweka uzio usioonekana ukafungia wageni wote, wengi hufanya hivyo, nami naona ni sawa na kuhamia mjini ukapandisha ukuta. Mimi niliacha wazi, nikajenga mabenchi mawili ya mawe nje, watu wakajua pa kukaa.

Ardhi sasa. Dunia imekatwa vipande vya mita 256 kwa 256. Tajiri hulipia kipande kizima kwa kampuni kila mwezi, halafu anakigawa viwanja na kupangisha. Biashara hiyo si ya juzi: mwaka 2006 gazeti la BusinessWeek lilimweka jaladani Anshe Chung, jina la humo la mwanamke aliyetajirika kwa kununua na kupangisha viwanja. Mimi nilipanga kiwanja kidogo cha pwani kwa dola 400 za humo kwa wiki, kama shilingi elfu nne. Nikaweka nyumba ya bati na mnazi mmoja. Mbele ya nyumba nikatandika ubao bapa, juu yake nikabandika picha ya jamvi la ami yangu lenye karafuu zilizoanikwa, nyekundu upande mmoja, upande mwingine zimeshaanza kuwa nyeusi.

Wageni wakawa wanalikanyaga. Sio kwa ubaya, wao waliona zulia. Lakini mimi ni mtoto wa Pemba, nimepigwa kofi kwa kukanyaga jamvi nikiwa na miaka sita, na nakuapia kila mtu aliposimama juu ya ule ubao mgongo ulinisisimka. Nikamweleza mbweha: zile ni karafuu, zinakaa juani siku kadhaa, mvua ikija nyumba nzima inatoka mbio. Hakusema kitu. Kesho yake aliingia akalizunguka jamvi, na alipokuja mgeni mwingine nikamwona anamchapia maneno marefu. Baada ya wiki mbili wote walikuwa wanazunguka.

Halafu nikahamishwa. Mwenye eneo aliuza kipande chote bila neno, na mimi nilikuwa nimelipa wiki tatu mbele. Niliingia usiku nikajikuta nimesimama juu ya maji. Nyumba, mnazi, mabenchi, vyote vilikuwa vimerudishwa kwenye mkoba wangu katika folda ya vitu vilivyopotea, vimefungwa bonge moja kama nguo za dobi. Humo mwenye eneo ndiye sheha, ndiye polisi, ndiye hakimu, na mpangaji akizozana naye kuhusu kodi hana pa kushitaki. Nilimwandikia, hakujibu. Basi ushauri wangu: usilipe zaidi ya wiki moja kwa mtu usiyemjua, na waulize wapangaji wake kwanza. Na ukiambiwa uweke akiba yako ukavune riba kubwa, kimbia. Zamani yalikuwepo mabenki ya namna hiyo humo, moja likaanguka na fedha za watu mwaka 2007, na Januari 2008 kampuni ikapiga marufuku benki zote zisizo na leseni ya kweli.

Zipo sehemu za watu wazima, na kila eneo limetiwa daraja kulingana na yaliyomo, kwa hiyo ukiona aibu kosa si la ramani. Watoto wasiingie, basi. Laptopu yangu ni ya mtumba na ina joto la pasi, nimeshusha umbali wa kuona mpaka mita 64 ndipo ikapumua. Umeme ukikatika katikati ya mazungumzo unatoweka tu, wenzako wanabaki wanakitazama kiti. Kwa yote hayo naipa nyota tatu na nusu. Nusu ni ya jirani yangu mbweha.

Kwa sababu nilipopata kiwanja kipya, ndani zaidi, hakina bahari, nilimwita kabla sijapanga chochote. Palikuwa na majani matupu. Akatua, akasimama, akauliza jamvi litakaa wapi ili ajue pa kupita.

Jambo la mwisho, saa. Humo wanafuata saa ya California, na wao huisogeza saa yao Machi na Novemba, sisi hatusogezi. Nilikosa harusi nzima kwa hilo: iliandikwa saa sita mchana ya kwao, mimi nimezoea kuwa ni saa tano usiku ya hapa, nikaingia nimevaa nikakuta wanakunja viti. Kuanzia Machi hadi Novemba, saa sita yao ya mchana ni saa nne usiku ya hapa. Ukija, mabenchi yako kushoto kwa mlango, na karafuu bado mbichi.