Unpaywall: uzoefu wangu wa kusoma makala za kitaaluma bila kulipia

Kama uko kwenye tasnifu na kila makala unayoibofya inakudai dola 30 au 40 uisome siku moja tu, weka Unpaywall kwenye kompyuta yako kabla hujafanya jambo jingine. Ni kiendelezi kidogo cha kivinjari, kinaingia kwenye Chrome na Firefox, hakidai nywila wala kadi ya benki. Kilitoka mwaka 2017, na wenyewe ni OurResearch, shirika lisilo la faida lililoanzishwa na Jason Priem na Heather Piwowar. Nakitumia tangu nilipoanza kukusanya machapisho ya shahada yangu ya uzamili, mada yangu ikiwa magonjwa ya virusi vya muhogo.

Ukifungua ukurasa wa makala, kiendelezi kinasoma DOI yake, yaani namba ya kudumu inayoitambulisha makala mtandaoni, kisha kinatazama kwenye hifadhidata yake kama kuna nakala ya bure mahali halali: kwa mchapishaji mwenyewe, PubMed Central (hifadhi ya bure ya makala za afya na baiolojia), au kwenye hifadhi ya chuo cha mwandishi. Ikiwepo, kufuli dogo la kijani lililofunguka linatokea ukingoni mwa skrini, upande wa kulia. Bofya, unasoma. Isipokuwepo, kufuli ni la kijivu na limefungwa. Kazi yake inaishia hapo, hakina makuu.

Nimesema halali makusudi. Hakigusi Sci-Hub, tovuti inayogawa makala bila idhini ya wachapishaji, na nakala zilizotupwa kwenye mitandao ya watafiti kama ResearchGate au Academia.edu hakizihesabu. Kwa hiyo ninachokipata namtumia msimamizi wangu bila wasiwasi.

Kwa makala za miaka ya karibuni kuhusu batobato na michirizi ya kahawia, magonjwa mawili ya muhogo ninayoyasoma, kijani kinatokea karibu kila ninapofungua. Hapo ni wafadhili wa kushukuriwa. Gates Foundation, ambao wametoa fedha nyingi kwa utafiti wa muhogo, wanataka matokeo yasomwe na kila mtu. Walio upande wa afya wana raha zaidi: Wellcome, wafadhili wa utafiti wa afya wa Uingereza, wana sharti kama hilo, na tangu Julai 2025 NIH, taasisi za afya za serikali ya Marekani, wanataka makala za tafiti wanazozifadhili ziwe wazi PubMed Central siku ileile zinapochapishwa. Zamani mchapishaji aliweza kuzifungia hadi miezi 12.

Kilio changu ni makala za zamani. Michirizi ya kahawia ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, huko Usambara. Yaani kazi imefanyika Muheza, juu ya muhogo wetu, halafu mimi niliyeko Tanzania nakutana na kufuli la kijivu! Sikilaumu kiendelezi, maana hakiwezi kuonyesha nakala ambayo hakuna aliyeiweka wazi. Mwishowe niliisoma kwenye karatasi, maktabani, kurasa zimeshaanza kumeguka pembeni, nikaipiga picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa.

Majarida mengi ya kwetu nayo hayana DOI, na bila DOI Unpaywall hakisemi lolote, si kijani si kijivu. Kwa hayo nenda moja kwa moja AJOL, mkusanyiko wa majarida ya Afrika ulioanza mwaka 1998 na sasa uko Afrika Kusini. Sehemu kubwa unapakua bure.

Angalizo kwa wanaonukuu. Ukifungua PDF ukakuta nafasi pana kati ya mistari, namba za mistari pembeni na majedwali yote yamerundikwa mwisho, hiyo ni nakala ya mwandishi kabla jarida halijaipanga. Maudhui ni yaleyale kama ilishapitiwa na wataalamu, lakini namba za kurasa si za jarida. Usizinukuu hivyohivyo, mtahini atakubana.

Kwenye simu ni shida. Chrome ya Android haipokei viendelezi, na wengi wetu tunasomea simu. Huwa natumia Google Scholar: chini ya makala nyingi kuna kiungo cha matoleo yote, na mara nyingi nakala ya bure imejificha humo. Jingine ambalo wanafunzi wengi hawalijui ni Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipia, yenye Hinari ya afya tangu 2002 na AGORA ya kilimo. Tanzania iko kundi lisilolipa kabisa, ila anayejisajili ni taasisi, si mtu mmojammoja. Muulize mkutubi wako; ukikuta chuo hakijajisajili, msumbue mpaka kijisajili.

Pia msidhani kijani maana yake hakuna aliyelipa. Mara nyingi amelipa mwandishi au mfadhili wake. Jarida la Nature walipoanza kuruhusu mwandishi alipie makala yake iwe wazi mwaka 2021 bei ilikuwa yuro 9,500 kwa makala moja, fedha ambayo mhadhiri wa kwetu haitoi mfukoni. Nikifika zamu ya kuchapisha nitachuja kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure, inayoonyesha jarida lipi halimtozi mwandishi.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa ajili ya simu.