Matunda ya kaskazi: lipi litangulie kapuni?

Kaskazi ikishashika, meza za masoko ya Darajani na Mwanakwerekwe, Unguja, hujaa kila tunda kwa wakati mmoja, na pesa ni ile ile. Kabla ya kuuliza bei, jua hili: embe na doriani huendelea kuiva yakishachumwa, shokishoki na nanasi hubaki kama ulivyoyanunua.

Kwanza, embe boribo. Halina mshindani: nyama tele, nyuzi chache. Rangi isikudanganye, maana boribo huweza kuiva likiwa bado na ukijani. Tazama mabega. Yakijaa na kuinuka kupita kikonyo, limekomaa. Mabega yaliyoteremka ni ya embe lililoangushwa changa. Hata ukilivundika litalainika na kukunjana ngozi, lakini ndani ni chachu. Kisha ligeuze: kitundu kama cha sindano, pembeni pamelowa, ni nzi wa matunda keshataga, na funza huenda wamo. Lililokomaa likiwa gumu, livundike kwenye gunia au karatasi siku 2 hadi 4. Kulitia friji kabla halijaiva ni kuliharibu: baridi hulizuia kuiva na ngozi hupiga weusi. Likishaiva, saa moja ya friji yatosha. Kata kikonyo, acha utomvu uchuruzike, lioshe. Utomvu huo ndio unaobabua midomo.

La pili ni shokishoki, ila kwa wa kula siku hiyo hiyo au kesho yake. Nywele ziwe laini, zimesimama. Zikikauka na kuwa nyeusi, limepoteza maji. Bora yaliyo bado kwenye vitawi. Fungu lipekue hadi chini, mazuri hupangwa juu. Machanga usiyachukue ukitaraji yataivia nyumbani.

Doriani tunaliweka la tatu kwa bei yake tu, kwani utamu wake ni mkubwa mno. Litikise sikioni: kokwa zikicheza, nyama imeachana na ganda. Mshono unaoanza kupasuka ni wa kuliwa leo; uliopasuka wazi tangu jana, nyama imeshaanza kuchacha. Mwombe muuzaji afungue chumba kimoja ubonyeze: iwe kama malai mazito, si majimaji. Lifunge vizuri kabla ya kupanda daladala.

Nanasi laweza kusubiri. Chukua lililo zito, linalonukia kitakoni. Utamu mwingi uko kitakoni huko, kwa hiyo likate kwa urefu, kila mlaji apate sehemu yake.