Dramu za kupiga ukiwa umesimama: ipi ununue

Ukipiga dramu kwa kusimama, mguu mmoja tu ndio huru; mwingine umebeba mwili mzima. Kwa hiyo tumezipanga seti hizi kwa kuangalia kwanza pedali ya besi (dramu kubwa ya sauti nzito, inayogongwa kwa mguu) inakaaje, kabla ya bei na rangi. Haihati ya kukanyaga isahau: funga matoazi yake mawili kwenye stendi ya kawaida, yagusane kidogo, inatosha.

1. Besi ndogo, snea na toazi moja

Hili ndilo tunalolipendekeza. Slim Jim Phantom wa bendi ya Stray Cats alijipatia jina kwa kupiga hivi. Chukua besi ya inchi 16 au 18, snea (dramu fupi yenye nyaya chini zinazoipa mlio mkali) ya inchi 14 yenye kina cha 5, na toazi la inchi 18. Besi ya 16 ikikaa sakafuni, nyundo ya pedali hugonga juu ya katikati, karibu na ukingo, na sauti hutoka nyembamba. Inataka kiinuzi, kifaa cha kuinyanyua kutoka sakafuni. Ludwig Breakbeats (besi 16, tomu, yaani dramu zisizo na nyaya, 10 na 13, snea 14) huja nacho, ila stendi na pedali unajinunulia, basi usifurahie bei kabla hujajumlisha.

Wengi huponzwa na stendi ya snea. Ya kawaida ni ya mtu aliyekaa. Utapiga umeinama na mgongo utakudai. Vaa viatu utakavyopigia, kunja mkono, pima kutoka sakafuni hadi kiwikoni, kisha toa sentimita 10: hapo ndipo uso wa snea unapotakiwa kuwa. Kiwiko kikiwa sm 105, uso uwe 95. Snea ya inchi 5 ina kina cha karibu sm 13, hivyo stendi iishike kwenye sm 82. Uliza stendi ndefu ya snea, ile ya wapigaji wa okestra na bendi za brasi. Tanua miguu yake vizuri. Ikibanwa, pigo kali moja linaiangusha.

Pedali usiisogeze mbali. Kisigino kibaki chini, kazi ifanywe na kifundo cha mguu, na springi ilegezwe kidogo kuliko ya mtu anayekaa.

2. Kokteli

Ni pipa moja lililosimama, upana inchi 14 hadi 16, kina takriban sm 60. Ngozi ya juu ni tomu, ya chini ni besi, na pedali hugonga kuelekea juu. Kwa kona finyu ya ukumbi haina mpinzani. Kasoro yake ni hewa: ngozi zote mbili zinaishiriki, hivyo ukikanyaga besi, tomu nayo inalia. Kipande cha sponji ndani hupunguza, hakimalizi. Pedali yake ni ya pekee. Ikiwa haipo kwenye seti, acha.

3. Pedi za umeme

Roland SPD-30 ina pedi 8, SPD-SX ina 9, na zote hupokea pedali ya besi ya nje. Ni nyepesi na majirani hawalalamiki. Lakini bila spika nzuri hakuna besi, na umeme ukikatika umekwisha.

4. Besi iliyolazwa

Moe Tucker wa bendi ya Velvet Underground aliilaza besi, akaipiga kwa nyundo laini za mkono. Pedali haihitajiki kabisa. Ni rahisi kwa bei, ila mikono hulemewa upesi na midundo ya kasi.

Ukinunua iliyotumika

Vua ngozi, pima upana wa pipa pande mbili zinazokatana. Tofauti ikizidi mm 3, pipa limepinda na ngozi haitakaa sawa. Kisha liweke juu ya kioo, washa tochi ndani: mwanga ukipenya chini, ukingo umeliwa na dramu haitashika sauti. Hesabu boliti zote, na shika saizi za inchi 14, 16 na 18, maana ngozi za baadhi ya saizi, kama 15, ni za kutafuta kwa tabu.