Escudo ya mtumba Pemba: injini haina neno, kazi iko kwenye kutu

Kila anayeniona na hii Suzuki Escudo huuliza swali lile lile: imeshatembea kilomita ngapi? Kwa gari ya mtumba hapa Pemba, mimi naona hilo ndilo swali la mwisho. Injini ukiipa oili kwa wakati na rejeta isikauke maji, utachoka wewe kwanza. Kinachoua gari zetu ni chumvi, na chumvi haina saa kwenye dashibodi.

Yangu ni ya kizazi cha pili, milango mitano, injini ya petroli J20A ya lita 2.0, gia otomatiki. Kizazi hicho kilianza kuuzwa Japani mwaka 1997. Nje ya Japani hiyo hiyo inaitwa Grand Vitara, ndiyo maana hapa kwetu kila mtu anaiita anavyotaka na wote wako sawa. Naishi Wete. Kazi yangu samaki, na msimu ukiingia, karafuu. Tumbe alfajiri, Konde, Makangale, mara nyengine Kiuyu Mbuyuni. Lami ipo, lakini mzigo haukai kwenye lami, unakaa chini ya mkarafuu mlimani au pwani kwenye mchanga.

Niliinunua Unguja kwa mtu, si bandarini. Muuzaji alikuwa nazo mbili. Ya kwanza aliyonionesha ilikuwa inang'aa, na chini imepakwa rangi nyeusi mpya kabisa. Gari ya zaidi ya miaka ishirini, chini kote kweusi ti, hiyo mimi sikuipenda. Nikatandika mkeka, nikaingia uvunguni na bisibisi. Pale mikono ya ekseli ya nyuma inapofungwa kwenye chesisi, yale mapao ya chuma yanayobeba gari, nikagonga, nikasikia sauti ya bati bovu, na kusukuma kidogo bisibisi ikazama. Nikatoka, nikajifuta, nikamwambia, "Bwana, nioneshe ile nyengine." Ile nyengine ilikuwa mbaya ya sura: rangi imepauka, mlango una bonde, viti vimechanika. Lakini chini yake ilikuwa na vumbi la kawaida na kutu ya juu juu tu, ile ya kukwaruza ikatoka. Ndiyo niliyoileta Mkoani kwa meli.

Anayeagiza moja kwa moja Japani ana faida moja: akiomba karatasi ya mnada ataona mchoro wa gari wenye alama za herufi. S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Gari zilizokaa Hokkaido na kaskazini ya Japani huendeshwa kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa barafu, kwa hiyo gari inaweza kufika kwetu injini nzima na tumbo limeoza. Halafu sisi tunaipokea na kuiongezea chumvi ya kwetu.

Sasa injini. J20A inatumia cheni ya taimingi, haina ile hofu ya belti kukatika ukiwa katikati ya msitu wa Ngezi. Lakini cheni nayo inaishi kwa oili. Ukichelewesha oili, vinavyoikaza huchoka na asubuhi utasikia inakereza unapowasha. Yangu haijakereza. Kilichonisumbua ni vali ya EGR, ile inayorudisha moshi wa eksozi ndani ya injini: hujaa masizi, gari ikisimama inatetemeka, taa ya injini inawaka. Fundi aliifungua, akaisafisha kwa dawa ya kabureta, ikarudi na heshima yake. Koili moja ya plagi ilikufa. Gasketi ya kifuniko cha juu ilivuja oili. Ni mambo ya umri, na spea zake zinapatikana Unguja, zikikosekana huko mtu anakuchukulia Kariakoo na unaipokea kwenye boti.

Chini ni habari nyengine. Escudo hii ina chesisi yake kamili na bodi imekaa juu yake. Ekseli ya nyuma ni moja nzima, na mbele kuna shokapu za kusimama. Kwa njia zetu za udongo mwekundu, zenye makorongo masika yakishika, muundo huo ni mzuri sana. Bushi za nyuma, zile raba za kwenye viungo, ndizo zinazolipa gharama: zikichoka, gari inaanza kuyumba mkia kwenye lami, unadhani upepo. Na beringi za juu ya shokapu za mbele hupiga kelele ukikata kona. Hizo zote nimebadilisha na sina la kulalamika.

La kulalamika ni fowili, yaani matairi yote manne kuvuta pamoja. Kizazi hiki kina mkono wake pembeni ya gia: 2H ya matairi mawili, 4H ya manne, na 4L ya manne kwa gia nzito ya nguvu. Ukivuta mkono, kipampu kidogo kinasukuma hewa kwenye mpira mwembamba mpaka difu ya mbele, lile kasha la gia linalogawa nguvu kwa matairi, ndipo matairi ya mbele yanaposhika. Mpira ule ukikauka na kupasuka, au kipampu kikiingia maji ya chumvi, taa ya fowili inapepesa kwenye dashibodi na mbele hakushiki kitu. Mimi yalinikuta kwenye mlima wenye utelezi, gunia za karafuu mbichi nyuma, na nikashuka kinyumenyume hadi chini. Fundi mmoja wa Chake, mtu mzima, alipoutazama mpira akanambia, "Mwanangu, hii imekufa kwa kukaa bure, si kwa kazi." Nimemsadiki. Wengi wanainunua gari hii kwa ajili ya fowili kisha hawaishiki mwaka mzima, na siku wanapoihitaji imeganda. Ishike mara kwa mara kwenye mchanga au udongo, hata kama njia haikulazimishi. Kwenye lami kavu usiishike kabisa: haina difu ya katikati, kwa hiyo ukikata kona matairi yanapigana na utasikia gari inakaza kama imeshika breki, na kinachoumia ni gia za ndani. Kwa difu ya mbele uwe na huruma zaidi, kasha lake ni la alumini, halipendi kupigishwa kwenye mawe ya matumbawe.

Samaki nao wana lao. Maji ya barafu yakivuja kwenye ndoo yanapita chini ya zulia la buti, hayaonekani, na sakafu inaoza kwa juu huku wewe unahangaika na chini. Nimelitoa zulia lote nikaweka mpira, na nikachomoa vizibo vya sakafu maji yapate pa kutokea. Nikirudi pwani naiosha uvunguni kwa maji baridi siku hiyo hiyo, kabla ya kula. Watu hapa mtaani hupuliza oili chafu chini ya gari. Inasaidia kwenye chesisi, lakini ikigusa bushi na mipira ya breki inaifanya ilegee, basi paka kwa brashi, usipulize. Mabomba ya breki, yale ya chuma yanayokwenda nyuma, ndiyo ya kuyaangalia kwanza kuliko chochote, maana chesisi ikioza utapata muda wa kwenda kuchomelea, bomba likipasuka hupati muda wa chochote. Yangu nimeyabadilisha kabla hayajavuja. Shingo ya kutilia mafuta nayo hutoboka, utaijua kwa harufu ya petroli ukijaza tangi.

Nimewauliza wenzangu wenye gari za namna hii. Jamaa yangu wa Chake ana Prado ya zamani ya dizeli, injini ya 1KZ. Ina nguvu, inabeba, na mlimani inanicheka. Lakini injini ile haitaki kabisa kuchemka. Ikipata joto kali silinda hedi hupasuka, na bei ya hedi ni msiba. Yeye hatoki bila kufungua boneti na kutazama maji. Mwalimu mmoja wa skuli jirani ana RAV4, anaisifu kwa ulaji mdogo wa mafuta, na kwa safari zake za Wete na Chake hana haja ya kitu chengine. Ila haina gia ya nguvu, na bodi yake haina chesisi ya peke yake, kwa hiyo ikianza kuoza hakuna pa kushikiza kiraka cha maana. Hilo hilo ndilo linalonifanya niisite Escudo ya kizazi cha tatu, ya kuanzia 2005: ni nzuri zaidi kuendesha, fowili yake ni ya muda wote na ina loki ya katikati, lakini chesisi imeunganishwa ndani ya bodi. Kwa mtu wa mjini Unguja, hiyo ingekuwa chaguo langu. Kwa mtu wa Makangale, hapana.

Wa Unguja nina neno jengine kwao. Escudo nyingi zinazouzwa huko zilikuwa za kukodisha watalii, Nungwi na Paje. Nyengine zimetunzwa vizuri kuliko za kwetu. Lakini mgeni akifika ufukweni maji yamekupwa hulipeleka gari kwenye mchanga ulioloa, kisha anarudisha ufunguo na kupanda ndege. Uliza lilikuwa linaoshwa wapi. Asiyejua kujibu, kamata bisibisi.

Mafuta: lita moja hunipeleka kilomita nane hivi, tisa nikiwa mtupu na bila haraka. Siyo gari ya kubana matumizi, na siku petroli inapoadimika kisiwani utamkumbuka mwenye RAV4. Kiyoyozi kinafanya kazi. Kiti cha nyuma kinambana mtu mrefu. Mlango wa nyuma unafunguka kwa ubavu na umebeba tairi la akiba, kwa hiyo ni mzito na bawaba zake hulegea. Ukiegesha karibu na ukuta hutoi mzigo.

Bei yake na ya Prado hazikai meza moja, na tofauti hiyo ndiyo iliyonilipia bushi, mabomba, kipampu cha fowili na kuchomelea pembe moja ya chesisi, na bado fedha ikabaki. Nikitakiwa kununua tena ningechukua hii hii, kizazi hiki hiki, ikiwezekana yenye gia za mkono, na rangi ningeiangalia mwisho.