TAHADHARI: Anauza "nafasi" za ufadhili wa masomo wa Chevening na kazi za UN Entebbe

Ndugu zangu wa Kampala, nanyi wa Arua, Gulu na Jinja mnaokuja mjini kutafuta masomo ya uzamili: kuna bwana mmoja mwenye chumba ghorofa ya tatu upande wa Wandegeya, hukosi kumwona na bahasha ya kaki kwapani. Amenila shilingi 2,400,000. Jina silitaji kwa kuwa shauri liko polisi, na sidhani hata kama lile alilonipa ni lake.

Tulikutana kwenye kundi la WhatsApp la watu waliosoma sayansi ya siasa. Aliniahidi shahada ya uzamili ya uhusiano wa kimataifa mjini London kwa ufadhili wa Chevening, kisha nikirudi, mafunzo kazini katika sekretarieti ya Umoja wa Mataifa, Entebbe, kwa dola 1,500 kila mwezi. Mahojiano hakuna. "Zimebaki nafasi mbili." Huo ulikuwa mwezi wa pili.

Nikatoa 400,000 za fomu. Wiki iliyofuata 1,200,000 za kushika kiti, halafu 800,000 za daktari wa UN. Zote kwa simu, na kila nikituma linatokea jina jipya la mpokeaji. Nikiuliza, ananijibu ni mhasibu. Wahasibu watatu, ofisi ya meza moja!

Fedha zilitoka kwenye kiinua mgongo cha mzee wangu, mwanajeshi mstaafu. Yeye aliuliza swali moja tu: "Mbona huyo bwana hajakuuliza umesoma nini?" Nikajisemea moyoni, mzee hajui mambo ya siku hizi.

Anajua. Chevening ni ufadhili wa serikali ya Uingereza na kuomba hakulipiwi hata senti. Unaomba mwenyewe mtandaoni, unachagua kozi tatu mwenyewe, unaonyesha saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na ukipita mchujo unahojiwa. Maombi kwa kawaida hufunguliwa mwezi wa nane na kufungwa kabla mwaka haujaisha, kwa hiyo hizo nafasi mbili za mwezi wa pili zilikuwa hewa. Nao Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri: si maombi, si mahojiano, si mafunzo. Tena mafunzo kazini ya sekretarieti hayana mshahara kabisa. Dola 1,500 peke yake ilitosha kuniamsha, lakini tamaa ina usingizi mzito.

Nisieleweke kwamba kila ada ni wizi. Vyuo vingi vya Marekani vinavyofundisha mambo haya hutoza ada ya maombi, ila unailipa kwenye tovuti ya chuo chenyewe, kwa akaunti uliyoifungua wewe. Hapiti mtu katikati.

Barua ya kukubaliwa na chuo cha London aliyoniletea yule bwana ilikuwa na nembo, muhuri na sahihi ya wino wa bluu. Anwani ya chini ilikuwa ya Gmail, ilhali za vyuo vikuu vya Uingereza huishia na .ac.uk. Nikaitafuta idara ya udahili kwenye tovuti ya chuo, nikawatumia namba ya barua. Siku mbili baadaye wakajibu: namba hiyo si yao, na jina langu hawana.

Nilipompigia alisema yuko Nairobi "anafuatilia faili". Kesho yake laini ikazimwa. Nilipofika Wandegeya mlango ulikuwa na kufuli jipya, na dada wa saluni ya jirani akaniambia mimi ni wa tano wiki hiyo.

Ninyi wanne wengine, kama mnasoma hapa, msifute ujumbe wa malipo. Mpelelezi anataka tarehe, kiasi na jina lililotokea kwenye kila muamala, kwa sababu laini zile zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu. Niandikieni faragha niwape namba ya shauri. Bwana mwenyewe nimesikia sasa anaonekana Ntinda, na bahasha ni ile ile.