Uzoefu wangu na Buick Riviera ya 1964, gari la milango miwili la safari ndefu

Jamani watu wengi wakitaka gari la zamani la Kimarekani wanakimbilia Mustang na Camaro kwa ajili ya mbio, sawa, kila mtu na roho yake, ila mimi naona raha yenyewe iko kwenye yale makubwa ya milango miwili yaliyotengenezwa kwa mtu mzima anayetaka kwenda mbali na kufika hajachoka. Naishi Michigan, ninayo Riviera ya 1964, na magari mapya nimeyaendesha mengi tu, sijakuta linalonipa ninachopata humu.

Kwanza umbo. Riviera, gari la Buick, moja ya chapa za General Motors, ilianza modeli ya 1963, bei ya kuanzia dola 4,333, na mwaka ule wakatoa 40,000 tu. Mkuu wa wabunifu General Motors alikuwa Bill Mitchell, inasimuliwa aliona Rolls-Royce kwenye ukungu London ndo akapata wazo la paa lenye kona kali kama limekatwa kwa kisu, mbunifu Ned Nickles akachora. Ilikuwa itoke kwa jina la LaSalle chini ya Cadillac chapa nyingine ya General Motors, lakini Cadillac walikuwa wanauza vizuri hawakuihitaji, Buick wakaipigania wakaipata. Vioo vya milango havina fremu, ukivishusha vyote hakuna nguzo katikati, upepo unapita mbele mpaka nyuma, na ubavuni hakuna makrome yaliyobandikwa ovyo kama magari mengi ya wakati ule. Ndani siti nne, kila mtu na yake, hata wa nyuma.

Sasa injini, hapa ndo nawaomba mnisikilize. V8 ya inchi za ujazo 425, karibu lita 7, nguvu za farasi 340. Juu ya ea klina, yaani chujio la hewa la injini, kuna maandishi Wildcat 465, wengi wanadhani ndo ukubwa wa injini, kumbe hiyo ni toki, yaani nguvu ya injini ya kusokota, futi-pauni 465, na siri yote ya hili gari iko hapo, linavuta kuanzia chini kabisa huna haja ya kukanyaga mafuta, unagusa tu linaondoka. Nikitoka nalo Flint, na huko ndiko lilikozaliwa, nikashika barabara kuu ya I-75 kupanda kaskazini mpaka Mackinaw City, injini haipigi kelele, tunaongea kwa sauti ya kawaida kabisa safari nzima. Gia ni automatiki, la 1963 lilikuwa na Dynaflow ambayo ni laini sana ila nzito kuondoka, 1964 wakaweka Super Turbine 400 ya gia tatu, aisee ni tofauti kubwa.

Usukani ni mwepesi mno, barabara huisikii mikononi, na kwenye kona linalala, kwa hiyo kama unapenda kukata kona kwa kasi hili si gari lako. Breki ni za ngoma magurudumu yote, za mbele za alumini zenye mapezi ya kupoza, kwa zama zake zilisifiwa, lakini ukishuka mteremko mrefu zinapata joto zinaanza kuchoka. Halafu masta silinda, ile pampu kuu ya breki, ni ya chumba kimoja, maana yake bomba moja likivuja umekosa breki zote, ya kwangu niliiweka ya vyumba viwili na nakushauri ufanye hivyo kabla hata ya kununua redio.

Mafuta linakunywa! Maili 12 kwa galoni na hapo nimeendesha kwa adabu, tena petroli ya premium, maana mgandamizo wa injini ni 10.25 kwa 1. Spea za injini zinapatikana, chama cha wenye magari haya, Riviera Owners Association, wanasaidiana sana, shida ni vitu vya bodi na urembo wa ndani.

Na watu! Agosti kwenye Woodward Dream Cruise, yale maonyesho ya magari ya zamani barabarani eneo la Detroit, au hata sheli tu, wanakuja wazee waliofanya kazi viwanda vya Buick, mmoja alishika boneti akaanza kunieleza zamu za usiku, tukakaa pale mpaka mafuta nikasahau kulipia ikabidi niitwe. Gari jipya halijawahi kuniletea mazungumzo ya hivyo.

Ukinunua angalia kutu chini ya kioo cha nyuma, sakafu ya buti, na chesisi yake ya umbo la X, hasa kama limekaa huku kwetu kwenye chumvi ya barabarani wakati wa baridi. La Arizona lenye rangi iliyochujuka lichukue kabla ya la Michigan linalong'aa. La 1965 taa zake za mbele zimefichwa nyuma ya milango midogo, zinapendeza kwelikweli, ila ni mitambo ya kuhangaika nayo zaidi, mimi nabaki na 64.